Huna pesa ya mandari? Njoo na mbuzi

UKIPITA Marikiti, Mombasa, wiki ya mwisho ya mwezi wa Shaaban, utadhani mji unajiandaa kuzingirwa. Nazi zinahesabiwa kwa makumi, tangawizi inapimwa kwa kilo, na ukiuliza bei ya ndimu mara mbili unaambiwa usogee maana nyuma yako kuna watu. Nje, tuktuk zimepakiwa sufuria juu ya sufuria, na katikati yake kuna mtoto amekumbatia kopo la achari kama hati ya shamba.

Hiyo ni vunja jungu, wasee. Kama wewe ni wa bara na hujawahi kualikwa, jungu ni chungu kikubwa, na siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, familia za Waislamu wa Pwani hukusanyika kula mchana kwa raha zao kabla ya mwezi mzima wa kufunga. Lamu utasikia wakisema "kuvunda jungu". Kuna wanaokula nyumbani, kuna wanaokwenda shamba, na kuna sisi ambao lazima tubebe kila kitu hadi ufuoni. Masheikh huonya kila mwaka kwamba siku hiyo isigeuzwe ya ulafi na ngoma za kukesha. Kila mwaka wanasikilizwa nusu.

Kwetu safari hiyo tunaiita mandari. Mtandaoni utaona watu wakiandika pikiniki, lakini hivyo ni vitu viwili. Pikiniki unabeba chakula. Mandari unabeba jiko, mkaa, mbuzi ya kukunia nazi, kinu, kifumbu, masinia, mikeka, na nyanya mmoja wa kukaa kivulini akitoa amri. Na ile picha ya kamba mkubwa wa miambani kwenye sahani nyeupe, glasi kando, jua likizama nyuma, hiyo ni menyu ya mtalii. Sina ubaya naye. Ila nimekulia Mombasa na sijawahi kuona mtu wa ukoo wetu akila kamba wa aina hiyo. Akivuliwa tu, anajua mwenyewe njia ya hotelini.

Mwaka huu mandari yetu ilikaribia kufa, tena ilikaribia kuuliwa na wema. Binamu yangu mmoja yuko Doha, mwaka wa tatu sasa, na mambo yake si mabaya. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe aliandika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo: jamani msihangaike, natuma pesa, agizeni chakula hotelini kiletwe kimeiva, kina mama nao wapumzike. Grupu likajaa mioyo na makofi. Na kusema kweli, hilo la kina mama kupumzika lina uzito. Mandari nyingi nilizoziona, wanaume huwasha moto mmoja kwa mbwembwe, kisha hukaa kuusifu mpaka chakula kiive.

Kabla mtu hajauliza hoteli gani, shangazi akatuma ujumbe wa sauti. Shangazi haandiki, anasema vidole vyake ni vya kupikia. Dakika tatu nzima alimshukuru binamu, akamwombea, akamuulizia mkewe, halafu mwishoni akauliza kwa sauti ya chini: "Na hawa watoto wasio na kazi watakuja kufanya nini? Kukaa kwenye mkeka waulizwe maswali?"

Grupu lilinyamaza karibu saa nzima.

Nieleze hapo, maana msomaji ambaye ana kazi anaweza kupitwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa. Tangu siku hiyo kila shughuli ya ukoo ina swali moja linaloningoja mlangoni kama mlinzi: siku hizi unafanya nini? Ukijibu unaandika mtandaoni, wanasema "aaah", ile "aaah" ndefu inayoshuka. Nina binamu mwingine, tumuite fundi, ambaye kazi yake ya ghala ilikwisha mwaka jana na tangu hapo hajaonekana harusi mbili. Si kwamba ana kiburi. Mchango ulikuwa umetajwa hadharani, naye hakuwa nao, basi akawa na homa. Homa ya mchango inajulikana sana mtaani, haina dawa na hospitali hailazi.

Lakini mandari huwa haimuachi mtu nyumbani, na sababu ni daftari la ami. Ami ndiye mweka hazina wa ukoo tangu mimi sijazaliwa. Ana daftari la kurasa ndefu, jalada jeusi, na kwenye ukurasa wa mandari kuna majina upande wa kushoto. Upande wa kulia, mbele ya kila jina, ama kuna kiasi cha pesa au kuna kazi. Mwaka huu kiwango kilikuwa shilingi 500 kwa mtu mzima mwenye kipato. Aliyetoa, imeandikwa 500. Ambaye hana, imeandikwa "nazi 30", au "mkaa kubeba", au "samaki kuparua". Hakuna safu ya wasiotoa. Ami ukimuuliza ni nani hajalipa atakuangalia kama umeuliza bahari ina milango mingapi.

Sasa ukileta chakula kilichoiva, ile safu ya kazi yote inafutika, inabaki ya pesa peke yake. Ndicho shangazi alichokuwa anakisema.

Mwafaka ulipatikana kesho yake: pesa za Doha zinunue samaki, kazi ibaki pale pale. Shangazi akaongeza sharti. Kuparua, kuchoma na kuosha vyombo ni kwa wanaume, kina mama watashika wali na tui kwa sababu wanataka, si kwa sababu hakuna mwingine. Mjomba mmoja akaandika "sawa" bila nukta.

Samaki tuliwafuata soko la Bandari ya Kale, alfajiri, kabla jua halijaamka. Hapa kuna bahati ambayo wengi hatuihesabu. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii imeangukia Februari na Machi, yaani ndani ya kaskazi. Upepo wa kaskazi huwa na bahari tulivu kiasi na mashua ndogo zinatoka nje ya mwamba bila kuombewa sana dua. Kuna miaka ambayo vunja jungu ilikuwa katikati ya kusi, bahari imechafuka, na wazee wanakumbuka mandari za maharagwe ya nazi. Hawazikumbuki kwa furaha.

Hata hivyo bei haikuwa na huruma. Wiki hiyo mji mzima unatafuta samaki, na muuzaji anakusoma usoni. Ami alituvua saa na miwani ya jua kabla hatujaingia. Tulichukua tafi wengi, changu wachache, kolekole wawili wakubwa, na pweza wanne. Kaa tuliwaacha. Kwetu wapo wanaokula kaa na wapo wasiokula, na mjadala wake wa kidini huwa mrefu kuliko mapishi.

Ukienda kununua, usidanganyike na barafu. Mwangalie samaki macho, yawe yamejaa na yanang'aa, si yamezama na kufanya ukungu. Funua shavu lake, ndani pawe pekundu. Mbonyeze ubavuni, nyama irudi juu yenyewe. Harufu iwe ya bahari. Ikiwa inanuka samaki, huyo ameshakaa. Na tafi mshike kwa adabu, maana miiba ya mgongoni na tumboni mwake ina sumu. Haikuui, lakini ikikudunga utakumbuka majina ya walimu wako wote wa msingi.

Basi tukafika ufuoni, na hapo ndipo hadithi ikapinda. Njia tuliyoipita tangu tukiwa watoto, uchochoro mwembamba kati ya kuta mbili za upande wa kaskazini mwa kisiwa, tulikuta imewekwa lango. Lango jipya, rangi bado inanuka. Ndani mlinzi, kijana wa rika langu, hana ubaya, ametumwa tu. "Hapa ni kwa wageni wa ndani." Tuktuk tatu zimesimama juani, pweza anaanza kulainika kabla ya wakati wake.

Mjadala wa ufuo ni wa nani huwa unapigwa sana, kwa hivyo nitautaja kwa ufupi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Ya umma, yaani yako, yangu, na ya mlinzi. Safi kabisa. Ila chukua hiyo sheria uende nayo ufuoni siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari inapopwa sana na kujaa sana. Hapa Mombasa siku hizo maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne asubuhi, na hujaa mpaka juu mwendo wa saa kumi jioni. Saa nne una uwanja mkubwa hadi kwenye mwamba, watoto wanakimbia, unaona kweli Katiba ni tamu. Saa kumi ile ardhi yako yote ya umma iko chini ya maji, na wewe umesimama na sufuria kichwani, mgongo kwenye ukuta wa mtu. Kumbuka Ramadhani huanza na mwezi mwandamo, kwa hivyo vunja jungu karibu kila mara huangukia maji yanapoelekea bamvua. Mchanga wa umma unatosha kutembea. Wa kupikia unautaka ulio juu ya hapo, wenye kivuli, na huo ndio unaoisha.

Kuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, wenyewe tunauita Pirates, na siku kama hiyo nusu ya Kisauni iko pale. Tulipita tukaona watu walivyosongamana, tukaona hata pa kutandika mkeka wa nyanya hapapatikani. Mwishowe tulisogea mbele zaidi hadi penye mivinje, mahali wavuvi wanapovuta mashua zao na kushona nyavu. Ami alishuka peke yake, akatoa salamu, akakaa nao chini kama dakika kumi kabla ya kuomba chochote. Wakatupa kivuli. Tukawaahidi sinia. Bei hiyo bado inatambulika Pwani, ingawa sijui itatambulika hadi lini, maana hata kile kiwanja kina jiwe la mpaka ambalo mwaka jana halikuwepo.

Sasa mbuzi. Mabeshte zangu wawili walikuja kutoka Nairobi na mmoja, jamaa wa Kisumu, alisikia shangazi akiita "leteni mbuzi hapa haraka" akauliza nani atachinja. Mbuzi ya kwetu ni kigoda kidogo cha kukunja chenye chuma mbele, ncha yake ina meno. Unaikalia kama farasi, unashika nusu ya nazi kwa mikono miwili, unakuna, chicha zinaanguka kwenye sinia. Ni kazi ya mgongo na viganja. Mtu asiyezoea, nazi ya tano anakuwa ameshajikuna kidole.

Kwenye daftari, "nazi 30" ilikuwa mbele ya jina la fundi. Alikuja. Alifika wa kwanza, kabla hata ya mkaa, akakalia mbuzi yake chini ya mvinje wa pembeni, mgongo kwa watu. Nilimpelekea maji nazi ya nane. Kufikia ya kumi na mbili wajomba wawili walikuwa wameshasogeza mkeka karibu naye, kwa sababu binadamu wakiona mtu anafanya kazi vizuri hupenda kukaa karibu kuitazama. Hakuna aliyemuuliza siku hizi anafanya nini. Walikuwa wanamuona anachofanya. Walimuuliza kama nazi za mwaka huu ni kavu, akajibu kitaalamu, wakabishana.

Chicha zinatiwa maji ya vuguvugu kidogo sana, zinakandwa, zinakamuliwa kwenye kifumbu. Linalotoka kwanza ni kasimile, tui zito, jeupe, linalonata kwenye kidole. Hilo linawekwa kando kwa heshima. Unaongeza maji tena, unakamua tena, unapata tui jepesi. Jepesi hupikia wali na kuchemshia pweza. Zito ni la kupaka na la kumalizia. Mtu akichanganya haya mawili, wali unakuwa mzito wa mafuta na samaki anakuwa na supu, na jina lake linatajwa mandari tatu zijazo.

Jamaa wa Kisumu naye akaona kazi yake. Alitazama wajomba wakihangaika na magamba ya changu, akashindwa kuvumilia, akachukua kisu. Maze, yule jamaa! Amekua kando ya ziwa akiparua ngege tangu darasa la tatu. Mkono unatoka mkiani kwenda kichwani, magamba yanaruka kama mvua, tumbo linafunguliwa kwa mstari mmoja, hakuna nyongo iliyopasuka. Samaki aliyeparuliwa na mjomba alionekana amepata ajali. Ami akachukua daftari papo hapo, akaandika jina la mgeni na mbele yake "samaki kuparua", wino mmoja na wa wenyewe.

Samaki wa kupaka hana haraka. Unampasua kwa mgongo na kumfungua kama kitabu ili alale bapa. Unampiga chale mbili tatu. Unasaga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili pamoja na chumvi kwenye kinu, unakamulia ndimu, unampaka nje na ndani, unamuacha kivulini chini ya kitambaa. Nusu saa inatosha. Ukizidisha na ndimu nyama inaanza kukatika.

Wakati huo unashughulikia moto. Vifuu vya nazi zilizokunwa havitupwi, vinakauka juani na kuwashia jiko. Vinawaka kwa hasira na vina harufu nzuri kuliko mafuta ya taa. Juu yake unatia mkaa, kisha unasubiri. Hapa ndipo vijana wengi wanaharibu. Wanaona mwali, wanaweka samaki. Subiri mwali ufe, makaa yavae jivu jembamba, uweze kushika mkono juu yake ukihesabu polepole hadi tano. Wazee hawatumii waya wa madukani, wanatumia mbano, kijiti kibichi kilichopasuliwa katikati, samaki anabanwa humo, ncha zinafungwa kwa ukindu na mbano zinasimamishwa kuzunguka moto. Sisi tulikuwa na waya na mbano pia. Tafi wa mbano walikuwa watamu zaidi na sitaki kubishana na mtu.

Samaki anachomwa kavu kwanza mpaka akaribie kuiva. Pembeni, kwenye sufuria pana, shangazi anapika lile tui zito na nyanya kidogo ya kusaga, manjano, pilipili, saumu na maji ya ukwaju. Anakoroga bila kuacha, upande mmoja, hajibu salamu ya mtu. Tui likichemka likiwa limepumzika linakatika, mafuta juu na maji chini, na hakuna dua ya kulirudisha. Likianza kuvuta, samaki anarudi motoni na anapakwa. Shangazi hupaka kwa fungu la mchaichai lililopondwa ncha likawa kama brashi. Paka, geuza, subiri likauke, paka tena. Mara tatu. Tone likidondoka kwenye makaa, mwali unaruka, unausukuma samaki kando kabla hajawa mchungu. Moshi wake ukikupata kwenye nguo, hata siku ya pili ndani ya matatu abiria mwenzako atakuuliza unatoka wapi.

Pweza tulimpiga kwenye jiwe, kwa zamu, mpaka mikono yake ikalegea. Siku hizi wengi humlaza kwenye friza usiku mmoja na kazi inakuwa ile ile, lakini friza haichekeshi watoto. Anapikwa bila kuongezwa maji, ana yake ya kutosha, na shangazi hatii chumvi mpaka mwisho kwa sababu anasema inamkaza. Tuliacha mikono miwili ya kuchoma. Nilitaka kuiona kwa macho, ule msemo wa kujipalia makaa kama pweza ambao kila mtu anautumia kwenye siasa. Ni kweli tupu. Ukimlaza mbichi kwenye makaa, mkono wake unajikunja taratibu kwenda ndani, na ukijikunja unakomba makaa unajifunika nayo. Kwa dakika kadhaa watu wazima tulikuwa tumechuchumaa tunamtazama pweza akijiponza.

Katikati ya yote simu ya shangazi ikalia. Doha. Kule saa ni zetu hizi hizi na ilikuwa mapumziko yake ya mchana. Alikuwa amekaa juu ya kitanda cha chuma, sahani ya wali wa mpishi wa kambi mapajani. Akaomba apelekwe kwenye moto. Akapelekwa. Akaomba aone pweza, aone sufuria, anyanyuliwe mfuniko wa wali. Kisha akauliza nani yuko kwenye mbuzi. Tukageuza simu. Fundi akainua nusu ya nazi kama kombe la mpira, na wale binamu wawili, ambao nadhani hawakuwa wameongea tangu mmoja apande ndege, wakaanza kutukanana kwa mapenzi kuhusu nani alikuwa anakuna vibaya wakiwa na miaka kumi. Mtandao ulikata mara mbili. Alipiga tena mara mbili.

Tulikula kabla ya saa nane, watu sita kwa sinia. Wali wa nazi katikati, samaki juu yake, kachumbari, achari ya embe, pilipili ya ukwaju, mihogo ya kuchoma kwa watoto. Sinia la kwanza lilikwenda kwa wavuvi. Kwenye sinia moja kuna adabu yake. Unakula upande wako, humegi katikati, na ukipata nyama nzuri ya shavuni unaisukuma kwa mdogo au kwa mgeni. Jamaa wa Kisumu alisukumiwa mashavu matatu. Akayala, akala na macho, akasema nazi kwa samaki alikuwa anaiona kama tusi, sasa anaomba muda wa kufikiria. Mabeshte wa Nairobi waliomba vijiko. Wakapewa, hatuna ubaguzi.

Kuanzia saa tisa bahari ilianza kutudai nafasi yake. Sufuria zilisuguliwa kwa mchanga na makumbi, na wanaume waliosha kweli, ushahidi upo kwenye simu. Kama na wewe unapanga mandari, makaa usiyafukie mchangani. Yanabaki moto chini kwa saa nyingi na mtoto wa mwenzako anakuja kukanyaga. Yazime kwa maji ya bahari, yakipoa uyabebe. Sahani na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja viache dukani. Tangu Juni 5, 2020 vimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa, fuo zikiwemo. Isitoshe, hakuna pilau wala samaki wa kupaka aliyewahi kunoga kwenye kitu kinachopeperuka.

Ami alifunga hesabu juu ya mkeka kabla ya kupanda tuktuk. Zilibaki shilingi 640, zikaenda kwa muuza mkaa tuliyekuwa tumemkopa mfuko mmoja. Mchele uliobaki ulirudi kwa mama mdogo. Chicha za nazi zote thelathini alizifunga jirani wa shangazi kwenye gunia, anafuga kuku. Halafu ami akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake mandari ya mwaka ujao, na kabla hajauliza lolote fundi akamwambia amuandikie nazi 40, maana 30 zilikuwa chache, tui halikutosha wali wa pili.